Fistula ya kisu nayo ihesabiwe

Wanaosema kwamba baadhi ya fistula za uzazi, yaani matundu yanayovujisha mkojo baada ya kujifungua, zinatokana na mkono wa mpasuaji, na si kichwa cha mtoto, huambiwa wanawatisha wajawazito wasiende hospitali. Hofu hiyo naielewa. Mama mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto amekwama njiani, asipopasuliwa mapema, kichwa hukibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga, nyama hukosa damu ikafa, na siku chache baadaye mkojo huvuja usiku na mchana. Ndiyo maana Tanzania imesogeza upasuaji hadi vituo vya afya, mikononi mwa madaktari wasaidizi. Utafiti wa hospitali za wilaya uliochapishwa 2009 haukuona tofauti kubwa kati ya matokeo yao na ya madaktari wenye shahada. Vyumba hivyo vibaki wazi.

Ila wanaoonya hawajaomba vifungwe. Wanachoshika mkononi ni hesabu, na hesabu yenyewe inaninyima raha. Mapitio yaliyochapishwa 2014 yaliwaangalia wanawake 5,959 waliotibiwa fistula katika nchi 11. Kati yao, 805 walijeruhiwa na upasuaji: zaidi ya mmoja kwa kila wanane, na wengi walikuwa wamepasuliwa kwa sababu ya uzazi. Walijuaje? Kwa mahali tundu lilipo. Likiwa juu, kwenye shingo ya kizazi, au kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo, ni vigumu kukisingizia kichwa cha mtoto. Kizazi kilichochoka kwa uchungu mrefu huchanika pembeni, damu inafumba macho, na sindano inayoharakishwa humdunga jirani, yaani kibofu au mrija huo.

Mwanamke aliyejeruhiwa mrija ndiye anayenihuzunisha zaidi. Anakwenda haja ndogo kama kawaida na bado nguo zinalowa. Akijazwa dawa ya rangi kwenye kibofu haivuji, basi anaambiwa hana fistula. Wakati huo figo inaweza kuwa inaharibika.

Wanachodai si kikubwa: mpira wa mkojo kabla ya kisu, kibofu kikaguliwe kabla ya kufunga tumbo, msimamizi mzoefu wa kuulizwa. Nami naongeza: hospitali inayoziba tundu iandikie kituo kilichopasua, bila kutafuta wa kumwadhibu. Mpasuaji asiyepata habari za mgonjwa wake atashona pembe ileile vilevile kesho.