Msaada Wenye Siku Inayojulikana

Jirani yangu wa hapa Dunda, Bagamoyo mjini, ni bibi anayelea wajukuu watatu. Wawili ni yatima wa binti yake, na wa tatu aliachwa kwake na mwanawe aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, ambaye fedha anazotuma huja pale anapojaaliwa kuzipata. Kila alfajiri bibi huyu hukaanga vitumbua mbele ya mlango wake, na kwa miaka mingi nilipopita nikamwamkia na kumuuliza habari za nyumbani, jibu lake lilikuwa moja: "Tunasukuma siku, mwanangu." Mwaka huu nimesikia jibu jingine. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akageuza kitumbua kimoja kwa kijiti chake, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Sasa hesabu zangu nazijua."

Kilichobadilika ni kwamba kaya yake imeingizwa katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, na sasa hupokea ruzuku kila baada ya miezi miwili. Kiasi chenyewe si kikubwa, na mtu mwenye mshahara anaweza kukimaliza kwa safari moja ya sokoni. Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kiasi kidogo namna hiyo kimebadilisha hata sauti ya mtu, na kadiri ninavyoitazama nyumba ile ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba jibu limo katika neno lake la hesabu. Msaada unaokuja kwa muda unaofahamika, hata ukiwa mdogo, humrudishia mlezi uwezo wa kupanga, na mlezi anayeweza kupanga huwalinda watoto kwa namna ambayo gunia la mchele lililoletwa siku moja haliwezi.

Tazama linalotokea dukani. Mwenye duka wa mtaa wetu ana daftari la madeni, na zamani jina la bibi lilikuwa limepigiwa mstari, maana yake asiongezewe mkopo mpaka alipe. Kwa sababu hiyo alinunua kila kitu kwa kupima: unga robo, mafuta ya kula ya kipimo kidogo, sukari ya kufunga kwenye kijifuko, kipande cha sabuni kilichokatwa. Anayenunua hivyo hulipa zaidi kwa kilo kuliko anayebeba mfuko mzima, kwa hiyo ufukara wenyewe ulikuwa ukimtoza bibi kila siku. Mwenye duka alipojua kwamba mteja wake ana fedha za uhakika kila baada ya miezi miwili, mstari ule ukafutwa. Bibi sasa huchukua unga kilo tano kwa mara moja na kulipa fedha zinapofika. Hakuna mtu aliyempunguzia bei, wala ruzuku haikuongezeka, lakini watoto wanakula usiku bila kungoja kwanza kuona vitumbua vimeuzwa vingapi.

Bagamoyo ina haki ya kulizungumza jambo hili, kwa kuwa ni miongoni mwa wilaya tatu, pamoja na Kibaha na Chamwino, ambako TASAF ilifanya majaribio ya kwanza ya ruzuku kwa kaya maskini kabla ya mpango kutandazwa nchini. Vilichaguliwa vijiji 80, na kwa bahati nasibu 40 kati yake vikaanza kupokea fedha Januari 2010 huku vingine vikisubiri, ili watafiti waweze kulinganisha. Kaya ilipata kati ya dola 12 na 36 za Marekani, kwa thamani ya shilingi, kila baada ya miezi miwili, kutegemea idadi ya watoto na wazee waliomo. Masharti yalikuwa mepesi kuyaeleza: watoto wadogo wapelekwe kliniki, wenye umri wa shule wahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na wazee waende kupimwa afya mara moja kwa mwaka. Kamati zilizochaguliwa na wanakijiji wenyewe ndizo zilizosimamia kazi hiyo.

Katika matokeo ya majaribio yale, jambo linalonigusa zaidi ni viatu. Kaya zilizopokea ruzuku ziliwanunulia watoto wao viatu zaidi kuliko zile zilizokuwa zikisubiri. Huenda msomaji wa mjini akaliona dogo, lakini sisi tuliokulia pwani tunajua mchanga wa uani na njia ya chooni vinavyombebesha mtoto peku funza vidoleni, na minyoo ya safura inayopenya kwenye nyayo na kumnyonya damu mpaka anasinzia darasani. Mwalimu humwita mvivu, na mtoto mwenyewe huishia kuliamini jina hilo. Kiatu cha bei ya chini kabisa sokoni kinaweza kuikata njia hiyo ya ugonjwa, na hakuna afisa aliyewaamuru walezi wale kununua viatu. Waliachiwa fedha mkononi, na wao wenyewe wakaona pa kuanzia.

Kaya hizo pia zilijiunga zaidi na bima ya afya, na siku za kuugua zikapungua, hasa kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ninalielewa hilo vizuri nikikumbuka jinsi CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilivyokuwa: kaya ya watu wasiozidi sita ililipa Sh. 30,000 kwa mwaka. Kwa kaya yenye kipato cha kudunduliza, tatizo lilikuwa kuwa na elfu thelathini zote siku moja, maana jumla hiyo hiyo ilitoka mfukoni vipande vipande, mara kwa vidonge vya homa, mara kwa nauli ya bodaboda ya usiku kumkimbiza mtoto aliyeshikwa na degedege. Fedha inayoingia kwa mkupuo unaojulikana ndiyo inayoweza kutengwa kwa ajili ya bima.

Kuhusu shule, tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne hutolewa bila ada katika shule za serikali, na hiyo ni nafuu kubwa ambayo haifai kubezwa. Hata hivyo sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki juu ya mzazi, na mtoto anayefukuzwa na njaa saa sita hana tofauti kubwa na yule aliyefukuzwa kwa ada.

Nimesikia mara nyingi, barazani na hata kwa watu wenye elimu yao, kwamba misaada hulemaza na kwamba maskini akipewa fedha atazoea kukinga mkono. Hoja hii siikubali, na sababu zangu ninazitoa hapa hapa wilayani. Katika majaribio yale, kaya zilizopokea ruzuku ziliongeza mifugo, mbuzi na kuku, mali inayozaa na inayoweza kuuzwa siku ya shida. Mtu aliyelemaa hanunui mbuzi, kwa kuwa mbuzi anahitaji kuchungwa, kujengewa banda na kusubiriwa mpaka azae. Jirani yangu naye hajaacha vitumbua hata siku moja. Ameongeza sinia la pili, kwa sababu sasa anaweza kununua mchele na nazi kabla ya kuuza vya jana.

Msaada kwa watoto si jambo jipya katika mji huu. Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni hapa, wakawa wakiwakomboa watoto waliouzwa utumwani, wakiwalea na kuwafundisha kilimo na ufundi, kisha walipokua wakawapa makazi katika kijiji cha watu huru kando ya misheni. Ninaiheshimu kazi ile, kwa maana iliwatoa watoto katika janga lililokuwa likipita katika fukwe hizi hizi tunazonunulia samaki. Lakini maisha ya watoto wale, kuanzia shambani hadi ibadani, yalipangwa na waliowapokea, na nikitazama baadhi ya misaada ya leo ninaona desturi hiyo bado haijatutoka. Mtoaji ndiye anayeamua familia inahitaji nini, lini, na ionekaneje wakati wa kupokea.

Nilihudhuria ugawaji mmoja wa namna hiyo katika kijiji kisicho mbali na hapa. Watoto walipangwa juani tangu saa tatu asubuhi wakimngoja mgeni rasmi, aliyefika karibu na adhuhuri. Kila mtoto alikabidhiwa madaftari manne na kalamu huku akipigwa picha, na mvulana mmoja aliyeinamisha uso aliambiwa arudie kupokea ili aonekane vizuri. Madaftari yalikuwa mazuri na yalihitajika, wala sina shaka na nia ya waliotoa. Lakini mvulana yule nilimwona tena baada ya wiki mbili, na wenzake walikuwa wakimwita "mtoto wa msaada" uwanjani. Tungeweza kumkabidhi mlezi wake madaftari yale ofisini kwa mwalimu, bila picha, na hakuna mtu ambaye angepungukiwa na kitu.

Baya zaidi kwangu lilikuwa la mradi mwingine, uliokuwa ukiwapikia uji wanafunzi wa shule ya msingi. Mahudhurio yalipanda, hata walimu walikuwa wakilisimulia kwa furaha, mpaka Jumatatu moja wapishi hawakufika. Mradi ulikuwa umefikia mwisho wake katika makaratasi ya wafadhili, na shuleni hakuna aliyekuwa ameambiwa. Watoto walitoka nyumbani bila kula chochote kwa kuutegemea uji, na walezi wao hawakuwa wameweka akiba ya unga kwa sababu hawakujua kwamba ingehitajika. Wangeambiwa muhula mmoja mapema, kamati ya shule ingeweza kuitisha kikao na kila mzazi akatoa debe la mahindi wakati wa mavuno. Kuondoka bila kuaga kuliziacha familia zile katika hali ngumu kuliko zilivyokuwa kabla ya uji kuanza, na ninalisema hili nikiwa na uchungu, kwa sababu nilikuwa miongoni mwa waliowahimiza wazazi kuuamini mradi ule.

Ndiyo maana ninayaomba mashirika, misikiti, makanisa na watu binafsi wenye moyo wa kutoa, ambao hapa Bagamoyo ni wengi, hasa mwezi wa Ramadhani, walitazame jambo hili. Anayeweza kutoa shilingi laki tatu kwa mwaka, afikirie kuzigawa elfu ishirini na tano kila mwezi kwa kaya moja anayoijua, na aiambie kaya hiyo zitaanza lini na zitakoma lini. Afisa ustawi wa jamii na mwenyekiti wa mtaa wanazijua nyumba zenye watoto yatima, watoto wenye ulemavu na wazee walezi, na wanaweza kumwelekeza bila mkutano wala turubai. Kitu kingine ni kuzungumza na walengwa waziwazi. Utafiti uliofanywa katika vijiji vile vile vya majaribio ulionyesha kwamba waliopokea ruzuku walizidi kuwaamini viongozi wao wa kuchaguliwa, na imani hiyo ilikua zaidi katika vijiji vilivyokuwa na mikutano mingi, ambako watu walipata taarifa.

Wiki iliyopita bibi aliniita nimsomee karatasi. Mezani palikuwa na fundo la noti alilolitoa kwenye pindo la khanga yake, amelitenganisha mafungu matatu kwa vifuniko vya soda: fungu la duka, fungu la sare ya mjukuu mkubwa anayeingia darasa la saba, na fungu dogo la tatu ambalo nilidhani ni la dawa. Karatasi ilikuwa ya wanawake kumi wa mtaani wanaocheza upatu. Kwa miaka yote hawakuwahi kumwingiza, na hakuwalaumu, kwa maana mtu asiye na uhakika wa kutoa kila mwezi huwavurugia wenzake mchezo. Sasa jina lake lilikuwa limeandikwa la kumi na moja, kwa kalamu ya rangi tofauti. Akataka nimhesabie zamu yake itaangukia mwezi gani. Nilipomwambia ni Agosti alinyamaza kidogo, akatazama paa la chumba wanacholala watoto, akasema, "Basi mabati tutayaweka kabla ya vuli."