Nikiipandisha Kipedo, Nikiishusha Mlegezo

Shemeji yangu, yule kitinda mimba wa kwao mke wangu, ameshaweka picha kwenye status. Kutoka hapo imefika grupu la ukoo, grupu la vikoba la mama yangu mzazi, na grupu la tuliosoma wote. Chini ameandika: "Mkwe wetu huyo, muombeeni." Basi na mimi niseme yangu kabla haijafika kazini. Picha ni ya kweli. Suruali si yangu. Na yule mzee wa nyuma mwenye madoa mekundu mapajani hajachomwa kisu, jamani, acheni kunipigia simu.

Mnaonifahamu mnajua mke wangu yuko kaunta kwenye shirika moja la ndege, Dar. Jina silitaji, bado napenda kula nyumbani. Wafanyakazi wana tiketi za familia: mume, watoto, wazazi. Watu wanaziita za bure, ila kodi na tozo za uwanja unalipa mwenyewe, na kiti hupati mpaka wenye nauli zao wakae wote. Kikibaki, chako. Kisipobaki, unarudi Ujiji kula tena ugali na wakwe waliokwisha kukuaga kwa dua.

Halafu kuna mavazi. Mke wangu alinitumia orodha usiku: jinzi iliyochanika hapana, pensi hapana, ndala hapana, fulana yenye maandishi hapana, nguo ya mazoezi hapana, nguo yenye doa hapana, mlegezo ndiyo hapana kabisa. Anayepanda kwa tiketi ya kampuni anahesabiwa kama sura ya kampuni, na akizingua, adhabu haimpati yeye, inampata mfanyakazi. Wanaweza kumfungia tiketi zote.

Nikilalamika ananitolea kisa chake cha Denver. Machi 2017, shirika la United kule Marekani liliwazuia wasichana wawili kupanda ndege ya kwenda Minneapolis kwa sababu wamevaa taiti. Dunia ikawaka mitandaoni. Kampuni ikajibu kwamba abiria wa kulipa avae taiti zake kwa raha zake, hao walikuwa na tiketi za wafanyakazi. "Wale watoto," mke wangu husema, "wewe una ndevu."

Kwa hiyo asubuhi ile, pale uwanja wa ndege wa Kigoma, safari ya Dar, nilikuwa nimevaa, naomba mlisome hili taratibu, suruali ya kitambaa rangi ya maziwa, shati jeupe, mkanda, viatu vya ngozi. Nimenukia. Mama mkwe, ambaye naye alikuwa anasafiri kwa tiketi hizo hizo kwenda kumwona mjukuu, alivaa gauni la kitenge na khanga mbili mpya juu yake. Baba mkwe alikuja kutusindikiza na suruali yake ya kijivu aliyovaa siku anaagwa kazini kwake, reli, yenye mkunjo wa pasi unaoweza kukata nyanya. Mzee huyu hajawahi kuelewa kwa nini mtu apande ndege. Reli imefika Kigoma tangu 1914, anasema, na haijawahi kumuuliza mtu amevaa nini.

Sasa, dumu.

Hakuna mama wa Kigoma anayekwenda Dar bila mawese. Lita tano, dumu la njano, mfuniko umezibwa na nailoni, juu nailoni nyingine, juu mpira wa baiskeli. Dagaa walikuwa kwenye kiroba chao, hao hawana kosa. Dumu lilikuwa limekaa juani kwenye bajaji kuanzia Ujiji, na mawese yakipata joto yanakuwa mepesi kama maji. Dada wa kaunta akasema, "Kaka, naomba hilo dumu kwenye mizani." Nikalikumbatia, nikaliinua, nikalibana tumboni ili nilisogeze vizuri.

Mpira ule ulilia "tii".

Nilisikia joto kwanza. Joto la kirafiki, la polepole, likianzia chini ya kitovu. Likapita kwenye mkanda. Likagawanyika, huku likaenda paja la kulia, huku la kushoto, bila haraka. Siwezi kulitupa dumu, mama mkwe anatazama. Siwezi kuendelea kulishika, ndilo linalomwaga. Nikasimama hivyo hivyo nimelikumbatia, natabasamu, na dada wa kaunta anatabasamu, mpaka macho yake yaliposhuka. Uwanja wetu ni mdogo. Ukipiga chafya kaunta, wasindikizaji wa nje wanakuombea afya. Ukimya uliopita pale ndani niliusikia mpaka kwenye meno.

Mama mkwe akageukia ukutani. Kwa heshima. Mama mkwe hawezi kutazama huko mkwe wake anakomwagikiwa. Akavua khanga moja na kuninyooshea kwa nyuma, kama anampa mtu aliyeko bafuni. "Jistiri, mwanangu."

"Mama, samahani," dada akasema, mpole kabisa, "kwa tiketi hii mwanaume hawezi kupanda na khanga. Inatakiwa nguo ya heshima."

Mama mkwe aliuambia ukuta: "Khanga si heshima? Binti, nimezika wazee wangu na khanga."

Mtasema, na begi? Begi langu lilikuwa na jinzi mbili zenye matundu ya dukani, pensi za kuogelea ziwani, na suruali ya mazoezi yenye mistari. Niliifungua orodha ya mke wangu kwenye simu nikaisoma huku natazama ndani ya begi. Ni kama aliiandika akiwa amekaa humo.

Wakati huo huo akapita mzungu mmoja katoka hifadhi ya Gombe kuona sokwe, wajukuu na vitukuu vya wale waliomleta Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, mwaka 1960. Pensi. Ndala. Tope mpaka magotini. Fulana yenye picha ya nyani na maneno matatu. Akapewa karatasi yake, "Safari njema." Amelipa. Akanitazama suruali, akanipa pole kwa Kiswahili fasaha, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Baba mkwe hakusema kitu. Alinishika mkono, akanitoa nje, tukaenda chooni. Akaingia mlango huu, mimi huu, kati yetu ukuta usiofika juu. Nikasikia mkanda ukifunguka upande wa pili.

Wadau, nataka mkae na hilo. Baba wa mke wangu. Mtu ambaye siku ya kutoa mahari niliongea naye kupitia mshenga. Anavua suruali, na mimi nasikia kila kifungo. Kisha mkono wake ukatokea juu ya ukuta ukiwa na suruali ya kijivu, imekunjwa kwa kufuata mkunjo wake.

"Umeipata?"

"Nimeipata, baba. Shikamoo."

Sijui kwa nini nilimwamkia. Kimya kidogo. "Marahaba," akajibu, "lete na yako." Nikaipitisha ile ya mawese. Ilidondoka upande wake ikalia kama kambale.

Mzee ni mfupi na mpana. Mimi ni mrefu na ndivyo nilivyo. Kiunoni tungeingia mimi na mgeni mmoja, ndiyo maana ya mikunjo mnayoiona kwenye picha chini ya mkanda. Miguuni iliishia katikati ya muundi. Soksi zangu ni zile fupi za kisasa, za kujificha kiatuni. Kwa hiyo kuna kiatu, kuna mguu mtupu, mguu, mguu, halafu suruali inaanza. Ndipo nilipotoka nje na ndipo shemeji alipopiga picha, na mzee nyuma yangu akikunja miguu ya suruali yangu asiikanyage.

Dada akaniangalia. "Kaka, hiyo ni suruali au ni pensi?"

"Suruali."

"Naona kama kipedo."

Nikaishusha kidogo ikaribie viatu. Akatikisa kichwa, "Huo sasa mlegezo." Nikaipandisha. Kipedo. Nikaishusha. Mlegezo. Foleni nyuma yangu ikaanza kuchangia, wengine wakisema ipande, wengine ishuke, mama mmoja akasema nikunje magoti. Nilikunja. Nilisimama kwenye kaunta nimekunja magoti kama naongea na mtoto, suruali imefika kiatuni, na nilikuwa tayari kutembea hivyo mpaka Dar.

Akaitwa mkubwa wao. Alikuja baba mtu mzima, akainama, akaitazama kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyewahi kunitazama. Akaufuata ule mkunjo wa pasi kwa kidole hewani. "Hii ni suruali," akasema. "Kaptula haipigwi pasi hivi." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila akae dirishani."

Viti vilibaki. Dumu halikupanda. Tukapaa, mama mkwe kiti cha mbele yangu, hakugeuka nyuma njia nzima.

Dar nikawasha simu. Simu za baba mkwe zilikuwa zimejipanga, zote zimekatika bila kupokelewa. Bodaboda wawili walikuwa wamekataa kumpakia wakiogopa siti zao, akatembea sehemu ya njia na suruali yangu, akafika nyumbani, mlango una kufuli, na mkewe yuko juu ya mawingu. Nikajipapasa. Mfuko wa nyuma, ufunguo, umefungwa na kitambaa kabisa.

Mke wangu alinikatalia kuurudisha kwa rubani. Baadaye ikaingia meseji:

"Nimevunja. Kufuli jipya elfu kumi na tano. Tuma na ya kutolea."