Kigango hakihitaji kiyoyozi

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye warsha moja hapa Vancouver kuzungumzia ujumuishi katika sanaa. Barua iliniomba niwakilishe Afrika. Yote! Nilipofika mlangoni, swali la kwanza likawa: umekuja na ngoma?

Sikuja na ngoma. Mimi ni Mgiriama wa Kaloleni, pwani ya Kenya, nikawaletea habari za vigango.

Kwa asiyejua, mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, akifa, kisha akaanza kuwajia wanawe ndotoni akilalamika kwamba amesahauliwa, au mji ukaandamwa na maradhi, huchongewa kigango. Ni mti mgumu, kichwa cha duara, mwili umenakshiwa pembetatu ndogondogo. Kinasimikwa kwa taratibu zake, kinamwagiwa tembo la mnazi ili koma, yaani roho ya mzee, itulie. Kikishasimama haking'olewi. Watu wakihama, chenyewe kinabaki pale pale, na mvua na mchwa wanamaliza kazi yao.

Wezi hawakungoja mchwa. Vigango viling'olewa kwa mamia, vikapitia maduka ya vinyago, vikaishia Marekani kwenye sebule za matajiri na stoo za makumbusho. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yaliamua kurudisha 30. Mwaka 2023 makumbusho ya jimbo la Illinois yalirudisha 37. Vingi havijulikani vilitoka mji wa nani, kwa hiyo hata vikifika Kenya havina pa kusimama. Na miaka yote hiyo, kwa hesabu za huku, vilikuwa "vimejumuishwa".

Huku British Columbia nimekuta watu wanaoielewa habari hii bila kuelezwa. Wahaisla, wenyeji wa asili wa pwani hii, walikuwa na nguzo ya chifu G'psgolox, iliyochongwa mwaka 1872. Mwaka 1929 ilipelekwa Sweden, ikarudi mwaka 2006 baada ya madai ya miaka mingi. Wasweden walitaka ijengewe kwanza nyumba ya kuihifadhi, yenye hewa iliyopimwa. Lakini kwa desturi ya Wahaisla nguzo ikichoka huachwa ianguke, irudi ardhini. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu ndani ya basi. Hawa ni Wagiriama wa nchi ya baridi.

Serikali ya Kanada ilipiga marufuku potlatch, zile karamu za wenyeji wa pwani hii za kugawa mali na kupeana majina, kuanzia mwaka 1885 hadi 1951. Mwaka 1921 watu walikamatwa kwa kuifanya, na vinyago vyao vya kuchezea vikachukuliwa, vikagawiwa makumbusho. Ngoma ni haramu, kinyago ni sanaa! Siku hizi kila onyesho hapa mjini linaanza kwa mtu kusimama na kusema tuko kwenye ardhi ya wenyeji wa asili wa hapa, Wamusqueam, Wasquamish na Watsleil-Waututh. Zamani nilikuwa naona ni maneno ya mdomoni tu. Bado naona hivyo, nusu.

Ila kwetu hata maneno hayo hatuna. Shuleni tuliambiwa vigango ni ushetani. Vijana walioving'oa usiku walikuwa wetu, si Wazungu. Na wazee wenye mvi, ambao ndio wanaojua taratibu zenyewe, Kilifi wanauawa kwa kushukiwa uchawi. Anayewaambia watu wa huku kwamba nyumbani mila zinaheshimiwa, hajaenda nyumbani siku nyingi.

Kitu kimoja tu ninachokikosa kwelikweli. Kwenye matanga, mwanzele, ngoma yetu ya msiba, ukichezwa, hakuna mtazamaji. Mama mwenye mtoto mgongoni anaingia, kipofu anatikisa kayamba, mlevi anaharibu hatua na watu wanampisha. Binti yangu alisimama kucheza kwenye ukumbi mmoja hapa, tena onyesho lenyewe la ngoma za Kiafrika, akaambiwa kwa upole akae, anawaziba watu.

Mwisho wa warsha niliulizwa makumbusho yafanye nini na vitu vya Afrika yalivyo navyo. Nikasema: waulizeni wenyewe, na mjiandae kusikia kwamba wanavitaka vikaoze juani. Ukumbi ukanyamaza. Nyuma kabisa mama mmoja, mwenyeji wa asili wa pwani hii, akaangua kicheko hadi akafuta machozi. Tulipotoka alinifuata, akataka nimweleze tembo la mnazi lina ladha gani.