Arusha ilifundishwa kufuma chandarua, je, na dawa yake?

Shika chandarua cha Olyset, aina ya chandarua chenye dawa ya mbu, uupapase uzi wake. Dawa haikupakwa juu, kama vile vyandarua vya zamani tulivyokuwa tukivichovya kwenye beseni. Imo ndani ya uzi wenyewe. Permetrini, dawa ya kuua wadudu, huchanganywa na plastiki kabla uzi haujavutwa, kisha hutoka polepole kuja juu. Ukifua, ya juu inaondoka na nyingine inapanda. Ndiyo maana chandarua hiki hudumu kwa miaka.

Mbinu hiyo ni ya kampuni ya Kijapani, Sumitomo Chemical. Mwaka 2003 iliipa A to Z Textile Mills ya Arusha ruhusa ya kuitumia bila kulipa mrabaha, na baadaye kampuni hizo mbili zikaunda ubia, Vector Health International. Maelfu ya watu wakapata kazi, wengi wao wanawake, na vyandarua vya Arusha vikaenda nchi nyingi za Afrika.

Wanaotetea ubia wa kimataifa hupenda kuutaja mfano huu, na wana haki. Kuyeyusha chembechembe za plastiki, kuzipitisha kwenye vitundu vidogo zitoke uzi, kujua mashine ikipata joto kiasi gani uzi unaanza kukatika: mambo hayo hayasomwi kitabuni ukayaweza. Unasimama kando ya anayejua, unaharibu, unarekebishwa, unarudia. Kiwanda cha nguo kisichokuwa na mbia kingetumia miaka mingi kufika hapo, na miaka hiyo watoto wangekuwa wanakufa kwa malaria.

Hata hivyo, chembechembe zenye dawa ziliendelea kununuliwa kutoka Sumitomo. Mrabaha ulisamehewa, lakini moyo wa bidhaa ulikuja umeshafungwa kwenye magunia. Arusha ilifundishwa kazi ya uzi, kemia ikabaki Japani. Tena wanunuzi wakubwa, kama Global Fund (mfuko wa kimataifa wa kupambana na Ukimwi, kifua kikuu na malaria) na UNICEF, hununua vyandarua vilivyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo anayemiliki mchanganyiko uliokubaliwa ameshika na mlango wa soko.

Wajapani nao wana hoja nzito. Waligharamia utafiti wao, na dawa ikipungua kidogo tu kwenye mchanganyiko, mama analala ndani ya chandarua akidhani yu salama. Ningekuwa mimi mwenye jina hilo kwenye lebo, ningekuwa mwangalifu vilevile. Ninachokataa ni uangalifu huo kugeuzwa sababu ya kutomfundisha mtu kabisa.

Tazama ya Bangladesh. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya nguo ya Desh ilitia saini mkataba na Daewoo ya Korea Kusini, ikapeleka watu 130 kwenye kiwanda cha Daewoo huko Busan. Walikaa miezi sita wakijifunza kukata, kushona na kutunza mashine, na pia namna ya kusimamia kiwanda na kuuza nje. Daewoo ilikuwa ilipwe asilimia za mauzo, lakini mwaka 1981 Desh ikauvunja mkataba huo, kwa kuwa ilikwishaona inaweza kujiendesha. Kisha wale waliofunzwa Busan wakaanza kuondoka: katika miaka michache, 115 kati ya wale 130 walikuwa wameiacha Desh, wakaanzisha viwanda vyao au kuajiriwa kwingine. Desh iliwapoteza. Nchi ikapata sekta nzima ya nguo.

Tofauti ni kwamba ushonaji wa shati hukaa mikononi mwa mtu, naye hutoka nao getini jioni. Kemia ya permetrini haitoki hivyo. Inahitaji maabara na miaka ya kufanya kazi chini ya watafiti waliobobea. Arusha ilijengewa baadaye kituo cha utafiti, Africa Technical Research Centre, ambako mbu hufugwa na vyandarua hupimwa makali yake. Hiyo ni hatua ya kweli, na siidharau. Lakini kupima dawa ni kazi moja, kuitengeneza ni nyingine.

Kwa hiyo maofisa wetu wanapokaa mezani na mwekezaji, wasiishie kwenye ajira na kodi. Waulize wakemia wangapi wa hapa watakwenda, kwa miaka mingapi, na wataingia chumba kipi cha maabara. Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, kwa tarakimu.