Nguvu ya mlonge: ardhi au mkono wa mchakataji?

Wauzaji wa unga wa mlonge wana hoja mpya: majani ya eneo lao, eti kwa sababu ya jua au udongo wake, yana antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia molekuli haribifu kudhuru seli, nyingi kuliko ya kwingine. Hoja hiyo haikuzuka tu. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti uliolinganisha majani kutoka India, Nicaragua na Niger, na katika kipimo kimojawapo ya India yaliongoza. Kibayolojia pia inaingia akilini. Mmea hauwezi kukimbia jua kali wala ukame, hivyo hujikinga palepale ulipo kwa kutengeneza flavonoidi, kemikali za mimea zinazofanya kazi kama antioksidanti. Kwa mlonge, flavonoidi kuu ni kwasetini na kemferoli.

Ila majani hayo ya India yaliongoza yalipolowekwa kwenye methanoli na ethanoli, aina mbili za alkoholi, si kwenye maji matupu. Methanoli ni sumu. Hakuna anayeinywa na mlonge wake. Isitoshe, majani ya nchi tatu hayatofautiani kwa udongo peke yake. Kuna mbegu, umri wa jani, msimu wa kuvuna na, kwa unga wa dukani, jinsi lilivyokaushwa. Hili la mwisho hupuuzwa mno. Yale majigambo kwamba mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa yanahusu majani mabichi. Yakishaanikwa juani na kusagwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo imekwenda.

Vipimo vyenyewe vya antioksidanti navyo vina mipaka. Kimojawapo kinachotumika sana ni cha DPPH: kimiminika cha zambarau hutiwa dondoo la majani, na kadiri antioksidanti zinavyofanya kazi ndivyo rangi inavyofifia kuelekea njano. Inapendeza kutazama. Lakini ndani ya chupa hamna utumbo wala ini, na viungo hivyo ndivyo hugeuza sehemu kubwa ya flavonoidi kabla hazijasambaa mwilini. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la nguvu za antioksidanti katika vyakula, ikieleza kuwa namba hizo hazionyeshi faida kwa mwili wa binadamu na kwamba makampuni yalizitumia vibaya kutangaza bidhaa.

Sisemi mahali hapana maana. Ningeshawishika kama vipandikizi vya mti mmoja vingeoteshwa maeneo mbalimbali, majani ya umri mmoja yakakaushwa kwa njia moja, kisha yakalowekwa kwenye maji ya moto kama wanywaji wanavyofanya. Mlonge hushika kwa urahisi ukichomeka kipande cha tawi, kwa hiyo jaribio hilo si la gharama ya kutisha. Kwa sasa, kati ya pakiti inayotaja tarehe ya kuvuna na namna ya kukausha, na ile inayojisifu kwa jina la eneo, mimi nachukua ya kwanza.