Fundi Pita na Sakafu ya Kanisa

Kitambulisho changu kimeandikwa Peter, lakini huku Seme, Kisumu, hakuna mwenye muda wa kuhangaika na ile r ya mwisho. Naitwa Pita. Nyumbani, kwa Kijaluo, ni Omondi, maana nilizaliwa alfajiri, na jina hilo halijawahi kunitia hasara.

Nilikuwa napiga sakafu ya kikanisa kimoja si mbali na Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyopandana. Nikamaliza niru, yaani ule uji wa saruji wa kulainisha juu, ikang'aa mpaka ungeweza kujitazama ukanyoa ndevu. Nikafunga kamba mlangoni, nikazunguka nyuma kwenye pipa kuosha mwiko. Ndipo mama mwenyekiti alipoleta chai na nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akachungulia dirishani, akaita: "Pita! Pita!"

Mlangoni palikuwa na kwaya nzima, imekuja mazoezi, inaishangaa ile kamba. Wakasikia ruhusa. Kamba ikafunguliwa, soprano wakatangulia, tena na viatu vya visigino.

Mama kuona vile akapaza sauti nije niokoe kazi yangu. "Pita! Wewe Pita! Haraka!"

"Tunapita, mama!" akajibu mpiga ngoma, akakaza mwendo.

"Si nyinyi! Namwita Pita!"

"Si ndiyo tunapita!"

Nilipofika, mpiga ngoma alikuwa ameteleza na kuketi. Ngoma yake ilikuwa imechora duara karibu na altare, duara safi kuliko lolote nililowahi kupima.

Katekista, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akaona huo ndio wakati wa mafundisho. Simoni, akasema, Yesu alimpa jina Kefa, yaani jiwe kwa Kiaramu. Kwa Kigiriki likawa Petros, na Biblia yetu ya Kiswahili ikaandika Petro. Hakuna mtu duniani aliyewahi kukanyaga saruji kwa kusikia Petro! Ni hii Peter ya Waingereza iliyokuja ikakuta "pita" imeshakaa vinywani, neno la Kibantu la tangu zamani. Hata Wachewa wa Malawi wanalo, ila kwao kupita ni kwenda. Kumbe huko ningekuwa naitwa Nenda, na kwaya ingekuwa imeshafika ziwani.

"Kwa hiyo wewe ni jiwe," akaendelea, "na juu ya mwamba huu..."

"Katekista," nikamkatiza, "mwamba wenyewe bado ni uji. Toa mguu."

Tukairudia sakafu jioni ileile, kwaya ikinibebea maji bila kuimba hata ubeti mmoja. Mwenyekiti akaandika kwa chaki kwenye ubao, HAKUNA KUPITA, akauegemeza mlangoni. Usiku manyunyu yakafuta ile KU.

Jumatatu asubuhi saidia fundi wangu akafika kabla yangu, akasoma, akatikisa kichwa. Akakusanya ndoo, mwiko na kamba, akavipeleka kwa mama yangu akampa pole kwamba nimefutwa kazi.