Kufurutu ada: sifa au lawama?

Kwenye harusi moja hapa Ngamiani, Tanga, mshereheshaji alimgeukia bibi harusi akasema, "Uzuri wako umefurutu ada!" Vigelegele vikarindima. Mezani kwetu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliweka kikombe chini akasema taratibu, "Amemtukana mtoto wa watu." Vijana waliokuwa karibu wakaangua kicheko. "Babu, lugha inakua," mmoja akamwambia.

Nianze na vijana, maana hoja wanayo. Mshambuliaji wa Coastal Union akifunga mabao mawili, Mkwakwani nzima itasema "yule ni balaa", na hakuna atakayedhani kaletewa msiba. Pilau likikolea tunaliita la kutisha. Maneno ya shari yamekuwa yakigeuzwa sifa siku zote, na washairi wa pwani hii walitia chumvi kabla mshereheshaji huyo hajazaliwa. Tena neno lisilosemwa hufa. Kijana aliyelitoa furutu kamusini akalipandisha jukwaani amelifanyia hisani.

Lakini mzee yule hakueleweka. Alionekana mtu anayeng'ang'ania ukale, na mimi naona alikuwa anatetea kitu ambacho tunakihitaji.

Furutu si kuwa nyingi. Kwa wingi tunalo kukithiri, na tunalo kuzidi, ambalo lina heri hata kwenye dua. Hujasikia mtu akiombewa riziki yake ifurutu. Neno lina asili ya Kiarabu, na wanaosoma Suratul Kahf kila Ijumaa huupita mzizi wake katika aya ya 28: furutan, ambayo kwa Kiswahili hufasiriwa kupita mpaka. Anayesemwa pale ni mtu aliyefuata matamanio yake. Kwa hiyo ili kitu kifurutu, lazima kwanza pawe na mpaka, na mpaka huo uwe umewekwa kwa sababu.

Anayetaka kuliona neno hili kwa macho aende sokoni asubuhi, viazi vya Lushoto vinaposhushwa. Gunia lina mdomo wake. Hapo ndipo linapoishia. Lumbesa haishii hapo. Juu ya mdomo pameshonewa wavu, viazi vimerundikwa ndani yake hadi gunia limetuna kama limevaa kilemba, na mchukuzi anayelibeba anatembea kwa magoti yaliyopinda. Sheria ya vipimo imeweka kilo 100 kuwa mwisho wa gunia la mazao, na kila mtu sokoni anajua. Mnunuzi kalipa bei ya gunia moja. Kile kilemba kimetoka mfukoni mwa mkulima, aliyeamka usiku kuvichimba vile viazi kutoka ardhini, na kwenye shingo ya mchukuzi. Ukisema gunia lile "limejaa sana" umelisifu. Ukisema limefurutu, umemtaja aliyedhulumiwa bila hata kulitaja jina lake. Sijui neno jingine la Kiswahili linalofanya kazi hiyo kwa silabi tatu. Kukiuka liko karibu, lakini hilo ni la sheria na masharti. Mtu hukiuka mkataba. Furutu hufika hata pale ambapo hapajaandikwa kitu: mahari, kelele za muziki usiku, adhabu ya mtoto.

Ndipo nikamwelewa mwalimu. Uzuri wa binti yule ulipita mpaka gani? Ulimuumiza nani?

Kuna na hili la ada, ambalo linanisumbua zaidi kuliko furutu lenyewe. Wazee waliposema ada walimaanisha desturi, mwenendo uliozoeleka: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Nilimuuliza binti wa jirani, yuko kidato cha tatu, kufurutu ada ni nini. Akafikiri kidogo, akajibu, "Kulipa zaidi ya ile ya shule, shangazi." Hakukosea kwa uvivu. Ada anayoijua yeye ndiyo hiyo, ile ya risiti. Sasa, kama ada imekuwa karo na furutu limekuwa "sana", msemo mzima umebaki mlio mtamu tu.

Na hapa mfano wa balaa haunishawishi. Balaa tunalisikia kila siku kwa maana zote mbili. Anayesifu mchezaji kwa neno hilo leo, kesho atalitumia kwa moto uliounguza nyumba. Maana ya kwanza inalishwa, haifi. Furutu husikika mara chache mno. Likisikika harusini peke yake, mtoto atakua akijua hiyo moja.

Sisemi lifungiwe. Mshairi akisema mapenzi yake yamefurutu ada, namkubali, kwa sababu anakiri kwamba yamemtoa kwenye heshima, na msikilizaji anaona mpaka uliovukwa. Sifa na hofu zimo pamoja. Mshereheshaji wetu hakuwa na hofu yoyote. Alitaka neno kubwa.

Tulipoinuka kuondoka, mwalimu alikwenda kumuaga bibi harusi. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamwambia, "Umependeza, mwanangu. Mungu akuzidishie."